Abiria bila tiketi: historia ya kidudu cheupe cha muhogo



Kwa ukurasa huu wengi wetu wanaandika historia ya watu wakubwa: wafalme, maraisi, wale waliojenga reli na wale waliopiga vita. Mimi nilisoma kilimo. Basi leo mnivumilie, nitaandika historia ya kidudu kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kiliingia kwetu bila viza wala tiketi, kikakaribia kutunyima fufu na sombe. Lakini ni lazima nianze na aibu yangu mwenyewe, juu bila ile aibu nisingerudi kufungua vitabu.

Ilikuwa miezi michache kisha kupata lisansi. Mama mdogo wangu analima muhogo ng'ambo ya mto, nyuma ya Lubunga. Alinipigia simu: « Mutoto yangu, si wewe ni agronomu sasa? Kuya uangalie shamba. Sombe yangu inajikunja sawa ngumi. » Nikavuka na mtumbwi, nikapanda toleka, nikafika.

Kweli, sombe ilikuwa imejikunja. Kwenye ncha za miti majani yalikuwa yamebanana pamoja, na katikati yao kulikuwa na kitu cheupe kama unga. Mama mdogo alinieleza kwamba vijiti vya kupanda alivinunua kwa mtu aliyevishusha na balinieri, akamwambia ni muhogo mzuri unaokomaa mbio. Mimi nilipoona ile unga tu, nikasema kwa sauti ya fakulte: « Hii ni koshenili. »

Yeye akainama, akanionyesha kwa kidole: « Na hii ingine, ya rangi ya kahawia, imekauka-kauka, ni nini? »

Nikajibu: « Ni ile ile, mama. Imezeeka. »

Nikamwandikia dawa ya kupuliza. Akainunua na feza ya sombe ya wiki nyingi. Tukapuliza mara mbili. Kwa wiki kadhaa hakuweza kuuza jani hata moja, juu nani atapika sombe yenye sumu? Kisha, vile mvua ilikatika, wale weupe wakarudi, wengi kuliko mwanzo.

Ndipo jirani yake akamleta mzee mmoja aliyefanya kazi ya kilimo tangu wakati wa Zaire. Mzee hakusema mengi. Alitafuta kwenye pembe ya shamba ambayo hatukupuliza, akakata jani, akatoa lupe mfukoni, akanipa. « Angalia ile ya kahawia. Unaona tundu? » Niliona tundu la duara, safi, kama limetobolewa na sindano. « Hii haijazeeka, » akasema. « Hii ni maiti, na kuko mtu alitoka humo ndani. Wewe uliua askari wa mama yako. »

Wandugu, ile siku nilivuka mto nikiwa nimenyamaza. Jina « koshenili » nilikuwa nalijua, niliandika kwenye mtihani na nikapata pointi. Lakini kujua jina na kumtambua mwenye jina ni mambo mawili. Historia yenyewe ya kidudu hiki inaonyesha hivyo hivyo: hata wataalamu wakubwa wa dunia walipoteza miaka juu ya kutomtambua vizuri. Sikilizeni.

Muhogo wenyewe ni mgeni

Tuanze mbali kidogo. Sisi watu wa Tshopo tunasema muhogo ni chakula cha mababu, na si uongo, lakini mababu wenyewe waliupata kwa wageni. Muhogo ni mti wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kutoka Brazil mpaka pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16, na kutoka hapo ukapanda na mito, mkono kwa mkono, mpaka ukafika katikati ya msitu.

Muhogo haupandwi kwa mbegu kama mahindi. Tunakata mti, tunaupanda, unaota. Yaani kila tunapopanda, tunasafirisha kiumbe kizima, na kila kilichojificha kwenye macho yake na chini ya maganda yake kinasafiri naye. Hiyo ndiyo njia ya abiria bila tiketi. Lakini zamani safari ya bahari ilikuwa ndefu, na wadudu wengi wa muhogo walibaki kwao Amerika. Kwa hiyo kwa miaka kama 400 muhogo uliishi Afrika mbali na maadui wake wengi wa kwao. Ugonjwa ulikuwako, kwa mfano mozaiki inayopaka majani rangi ya manjano, lakini yule mweupe hakuwako.

Kisha zikaja ndege. Kijiti kinachokatwa leo Amerika kinaweza kufika Afrika kesho kutwa, kingali kibichi, na abiria wake wangali hai.

1973: « huyu ni nani? »

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa pande mbili za Pool Malebo, upande wa Kinshasa na upande wa Brazzaville, waliona kitu ambacho wazee wao hawakuwahi kukiona. Majani ya juu yanajikunja, mti unakuwa mfupi na kupindana, na kwenye ncha kuna unga mweupe. Mwaka 1973 Sang Ki Hahn, Mkorea aliyekuwa akifanya utafiti wa muhogo katika taasisi ya IITA huko Ibadan, Nigeria, pamoja na mwenzake R. J. Williams, waliandika juu ya kidudu hiki katika ripoti yao ya muhogo wa Zaire.

Ilikuwa hatari ya namna gani? Kidudu kinafyonza maji ya mti, na mate yake yana sumu inayovuruga ukuaji. Mahali kiliposhambulia kwa nguvu, mavuno ya mizizi yalipungua mpaka asilimia 80. Tena kwetu muhogo si mizizi tu. Mwenzetu wa Nigeria akipoteza majani bado anangoja gari yake. Mkongomani akipoteza majani, amepoteza mboga ya kila siku. Na mti uliodhoofika unatoa vijiti dhaifu vya kupanda mwaka unaofuata, kwa hiyo hasara ya mwaka huu inazaa ya mwaka ujao.

Kuko jambo lingine, ambalo wanafunzi wa kilimo wanalikariri bila kulifikiri. Kidudu hiki hakina dume. Wote ni majike, na kila jike hutaga mayai mia kadhaa bila kumngoja mume. Fikirini maana yake kwa msafiri wa kujificha. Kwa wanyama wengine lazima wafike wawili, dume na jike, wakutane. Kwa huyu, mmoja tu aliyejibanza kwenye jicho la kijiti kimoja anatosha kuanzisha taifa zima. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba aliingia hivyo, na vijiti kutoka Amerika. Kisha upepo na watu wakamtawanya. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amefika katika nchi zaidi ya 20 za Afrika.

Lakini turudi 1973. Swali la kwanza halikuwa « tutamuua namna gani? ». Lilikuwa « huyu ni nani? ». Juu dunia iko na mamia na mamia ya aina za hawa wadudu weupe. Wenzetu wa Tanzania wanawaita vidung'ata. Kuko wa kahawa, wa nanasi, wa papai, wa machungwa. Kwa macho ya kawaida wote ni unga mweupe.

Kazi ya kuhesabu nywele

Hapa nataka mjue kazi ambayo mimi mwenyewe niliidharau kwenye masomo. Kumtambua koshenili si kumtazama tu. Ule unga ni nta ambayo kidudu kinajifunika nayo, na haisaidii sana kumjua. Mtaalamu anamchukua jike mzima, anautoboa mwili, anauchemsha taratibu katika maji ya potasi mpaka nyama yote ya ndani inayeyuka na inabaki ngozi peke yake. Anaipaka rangi, anailaza juu ya kioo, anaiweka chini ya mikroskopi. Halafu anahesabu: vitundu vidogo vinavyotoa nta, viko vingapi na viko wapi, nywele za pembeni, vipande vya antena, miguu. Kisha analinganisha na wale waliohifadhiwa kwenye makabati ya museo tangu miaka mingi, kila mmoja na jina lake, mahali alipokamatwa na tarehe.

Kazi hiyo ilifanywa Paris, kwenye Muséum national d'histoire naturelle, na mama mmoja mtaalamu, Danièle Matile-Ferrero. Alitazama wadudu waliotoka kwetu, akalinganisha, akaona kwamba huyu hakuwa na jina bado. Mwaka 1977 akatangaza jina lake: Phenacoccus manihoti. Phenacoccus ni kama jina la ukoo, na manihoti ni juu ya muhogo anaoula.

Miaka minne, wandugu! Tangu 1973 mpaka 1977, watu wanalia mashambani, na kidudu hakina jina. Mtu anaweza kusema: jina linasaidia nini mwenye njaa? Jibu linakuja sasa.

Kosa la waridi na manjano

Jina lilipopatikana, swali la pili likafuata: kwao ni wapi? Muhogo ni wa Amerika, basi kidudu kinachopenda muhogo namna hii lazima kitoke Amerika. Lakini vitabu vya Amerika havikumjua. Ni kitu cha kushangaza: kidudu kinamaliza mashamba ya Afrika, na kwao hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa mtu wa kilimo, kule kunyamaza kwenyewe ni habari. Kama kwao hasumbui, maana yake kwao kuko mtu anayemla. Alipopanda meli ao ndege kuja kwetu, alikuja peke yake na akamwacha adui wake nyumbani. Basi dawa ingekuwa kwenda kwao, kumtafuta adui wake, na kumleta na yeye.

Kazi hiyo ilipewa nguvu na Hans Rudolf Herren, kijana wa Uswisi aliyefika IITA mwaka 1979. Watafiti walitafuta sehemu nyingi za Amerika, na huko kaskazini mwa Amerika ya Kusini wakampata koshenili juu ya muhogo. Furaha! Alikuwa mweupe vile vile, alikunja majani vile vile. Wakakusanya maadui wake. Lakini wale maadui, walipowekwa mbele ya koshenili wa Afrika, hawakumtaka.

Kwa nini? Jibu lilitoka tena kwenye vioo vya museo. Jennifer Cox na D. J. Williams, huko London, walitazama wale wadudu kwa makini, na mwaka 1981 wakaandika kwamba si mmoja, ni wawili. Yule wa kaskazini ana madume na majike. Wa kwetu ni majike tu. Chini ya unga, yule wa kaskazini mwili wake ni wa manjano, na wa kwetu ni wa waridi. Yule wa manjano wakampa jina jipya, Phenacoccus herreni, kwa heshima ya Herren, ambaye kwa kweli alikuwa anamtafuta ndugu yake.

Nikisoma hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Wao walikosea kati ya waridi na manjano. Mimi nilikosea kati ya nyeupe na kahawia. Tofauti ni kwamba wao walirudi kuangalia tena kabla ya kumwaga wadudu wasiofaa barani mzima. Mimi nilipuliza kwanza.

Paraguay, London, Ibadan

Mwaka huo huo wa 1981, Anthony Bellotti, mtaalamu wa wadudu wa taasisi ya CIAT ya Colombia, alikuwa kusini zaidi, Paraguay. Huko akampata yule wa waridi, Phenacoccus manihoti mwenyewe, kwao. Baadaye alionekana pia sehemu za Bolivia na za Brazil zilizo karibu na bonde la mto Paraguay. Hakuwa mwingi. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa akimjua.

Na pamoja naye walipatikana wale wanaomla. Mmoja wao ni nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, asiyeweza kumuuma mtu. Vitabu vya zamani vinamwita Epidinocarsis lopezi, vya leo Anagyrus lopezi. Hata yeye majina yamemsumbua. Jike wake anatembea juu ya jani, anamgusa koshenili na antena, anamchoma, anaacha yai moja ndani. Mtoto wa nyigu anakulia mle ndani akimla koshenili polepole. Koshenili anavimba, ngozi inakauka, inageuka rangi ya kahawia. Kisha nyigu mkubwa anatoboa tundu la duara na kutoka.

Sasa mmeelewa mama mdogo alinionyesha nini.

Nyigu hawakuletwa moja kwa moja Afrika. Kwanza walipelekwa London, wakafungiwa kwenye karantini. Kwa nini London? Juu huko hakuna shamba la muhogo, na baridi ingemuua yeyote atakayetoroka. Pia ilibidi kuangalia kama nyigu wenyewe hawajabeba abiria wao wa siri. Kuko nyigu wadogo zaidi wanaowala nyigu, na kama mmoja wa hao angeingia Afrika pamoja nao, kazi yote ingeharibika. Walipohakikishwa ni safi, walitumwa Ibadan, wakazalishwa, na mwishoni mwa 1981 wakaachiliwa kwenye mashamba ya Nigeria.

Walishika. Mwaka baada ya mwaka walitawanyika wenyewe, na watu wakawabeba kwingine, hata kwa ndege ndogo iliyokuwa ikiwaachilia kutoka juu. Walifika katika nchi zaidi ya 20, na Zaire yetu pia. Mahali pengi koshenili alishuka mpaka akawa kama kwao Paraguay: yupo, lakini humwoni mpaka umtafute. Mwaka 1988 mchumi wa Marekani, Richard Norgaard, alipiga hesabu akapata kwamba kila dola moja iliyotumika ilirudisha faida ya dola 149. Mwaka 1995 Herren alipewa World Food Prize. Na mkulima wa Afrika hakulipa hata franga moja, wengi wao hata hawakujua kuna kitu kilifanyika.

Nisidanganye: nyigu hakumaliza kila kitu. Kwenye udongo wa mchanga uliochoka, muhogo unakuwa dhaifu, koshenili wanaokua juu yake wanakuwa wadogo, na nyigu wanaozaliwa humo wanatoka wengi madume. Jike ndiye anayechoma, kwa hiyo pale ulinzi unapungua. Dawa ya hapo ni kufunika udongo na nyasi na kuurudishia nguvu. Na abiria hajaacha kusafiri. Mwaka 2008 alionekana Thailand, nchi inayouza muhogo mwingi sana duniani. Lakini safari hiyo jina lilikuwa linajulikana. Mwaka 2009 nyigu walitolewa kwenye kituo cha IITA cha Benin, na 2010 walikuwa wanaachiliwa mashambani Thailand. Afrika iliyongoja karibu miaka minane, ndiyo iliyoituma Asia msaada kisha muda mfupi tu.

Watu wa mawe ya bahari

Nilipokuwa natafuta habari hizi, nilikuta watu wengine wenye shida kama yetu, na hata siwezi kuwaona kwa macho hapa Boyoma. Ni wale wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, ndani ya sanduku la kioo. Wananunua mawe yaliyotolewa baharini, wanayaita mawe hai, juu ndani ya vitundu vyake kuna viumbe wengi. Jiwe linasaidia kusafisha maji. Lakini kila jiwe, kama kijiti chetu cha muhogo, linakuja na abiria. Usiku mwenye nyumba anawasha taa, anaona mnyoo mrefu mwenye manyoya ya miiba anatoka kwenye jiwe, moyo unaruka.

Wengi wanafanya nilichofanya mimi: wanaua kwanza, wanauliza kisha. Kumbe wengi wa minyoo hiyo ni wafagiaji, wanakula chakula kilichooza, na bila wao maji yanachafuka. Wakati huo huo, kuna kiumbe mwingine mzuri kama ua dogo, anaitwa Aiptasia, anayeonekana hana neno, kumbe anachoma majirani zake na kuzaana mpaka anajaza jiwe lote. Na mnajua wengine wanamshinda namna gani? Wanaleta konokono asiye na gamba, Berghia, asiyekula kitu kingine ila Aiptasia. Yaani ni hadithi ile ile ya Paraguay, ndani ya kioo, sebuleni kwa mtu.

Sura haikuambii nani ni adui. Mbaya anaweza kuja na sura ya ua, na mzuri na sura ya mnyoo wa kutisha, ao ya koshenili « aliyezeeka ».

Makabati yetu

Sasa niseme kitu kwa sisi wenyewe. Kila mara kwenye historia hii, mlango ulifunguliwa na mtu aliyekuwa na kabati: Paris, kisha London. Watu wengi wanafikiri kabati lenye wadudu waliokauka ni mchezo wa wazungu. Lakini pale ndipo swali « huyu ni nani? » linapata jibu.

Na sisi si maskini kabisa. Kilomita kama 100 chini ya mto kutoka hapa iko Yangambi, mahali INEAC ilipoweka makao yake tangu miaka ya 1930, na leo iko INERA. Kule kuna herbario, nyumba ya mimea iliyokaushwa, yenye karatasi zaidi ya laki moja. Hapa mjini, kwenye Université de Kisangani, kuna Centre de Surveillance de la Biodiversité, yenye makusanyo ya wanyama wa msitu wetu. Nilipokuwa mwanafunzi niliona kazi hizo ni za watu wanaopenda vumbi. Leo najua kwamba siku abiria mwingine atashuka kwenye bandari yetu, na atashuka tu, watu wa vumbi ndio watatuambia kama ni mpya ao ni wa zamani, kama ni mwizi ao ni mlinzi.

Kila siku balinieri zinafika. Zinashusha vijiti vya muhogo, machipukizi ya ndizi, nanasi za kupanda, na kila mmoja anafurahi kupata aina mpya. Siwaambii wakataze. Mama zetu wanaishi kwa kubadilishana mbegu. Nawaambia ninyi mnaoitwa « agronomu » kijijini kwenu: msifanye kama mimi.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Kwanza, kijiti kisichojulikana kinakotoka hakiingii katikati ya shamba. Kinapandwa pembeni, peke yake, mpaka tumwone anayetoka humo. Pili, ninatembea na lupe, na ninaangalia ncha za juu na macho ya mti, si majani ya chini. Tatu, na hili ndilo kubwa, kabla ya neno « dawa » kutoka kinywani, ninachukua ncha chache zenye wadudu, naziweka ndani ya chupa safi, nafunga na kitambaa chepesi, naiweka kivulini wiki mbili ao tatu. Kama ndani ya chupa vinaonekana vidudu vidogo vyenye mabawa vinatembea kwenye kioo, basi shamba hilo tayari lina askari. Hapo kazi yangu ni kuwaambia watu wasipulize, na kufunika udongo. Kama hakuna kinachotoka, ninapeleka chupa kwa wale wenye mikroskopi, na ninasema neno ambalo fakulte haikunifundisha: « Bado sijui. »

Mama mdogo wangu bado analima kule kule. Feza ya dawa sijamrudishia yote, na hajaniomba. Ila msimu uliofuata nilimletea chupa ya kwanza, nikaiweka juu ya meza yake. Ilikuwa na ncha tatu za muhogo kutoka ile pembe ya shamba ambayo hatukupuliza. Siku ya kumi na mbili alinipigia simu asubuhi mapema.

« Mutoto yangu, » akasema, « ile ya kahawia imetoboka. Kuko tududu tunaruka. »

Nikamwambia atoe kitambaa, aweke chupa katikati ya shamba, aache ikiwa wazi.

« Sawa, agronomu, » akajibu. Na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya dawa, alisema hilo neno bila kucheka.